Turbo au supachaja kwa mbio za mstari ulionyooka za mita 402?

Zote mbili kazi yake ni moja: kusukuma hewa nyingi ndani ya injini ili ichome mafuta mengi zaidi. Tofauti ni zinakotoa nguvu. Supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye krankishafti (mhimili mkuu wa injini), hivyo inakula nguvu ya injini yenyewe. Turbo huzungushwa na moshi ambao ungetoka bure kwenye ekzosi.

Kwenye mstari wa kuanzia, supachaja haina mpinzani. Ukikanyaga tu, presha ipo. Magari ya Top Fuel, daraja la mbio za mstari ulionyooka kule Marekani, ambayo tangu 2008 yanakimbia futi 1,000 (mita 305), yanaitegemea juu ya injini za lita 8.2 zinazochoma nitromethani, mafuta maalumu ya mbio. Ila kazi yake si mchezo: kila baada ya raundi mafundi wanaifumua injini, wanakagua pistoni, beringi na klachi, na kuifunga upya kabla gari halijaitwa tena.

Turbo inachelewa kuamka. Dereva anakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, kompyuta inazuia mizunguko isipande, presha inajaa, taa ya kijani ikiwaka anaachia gari liondoke. Hilo linataka mazoezi. Hata hivyo, kwa timu ndogo yenye injini ya Toyota 2JZ-GTE, lita 3 na bloku nzito ya chuma, mimi nachagua turbo bila kusita. Nunueni kwanza pampu ya mafuta na injekta zinazotosha: turbo kubwa ikikosa petroli, pistoni zinayeyuka.