Diski za Land Cruiser 60 kwenye Hilux ya 1985: zinaingia, lakini na kalipa gani?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena gereji. Leo sianzi na gari, naanza na vyuma viwili hivi hapa mezani. Mkono wa kushoto ni diski ya mbele ya Hilux ya 1985, ile inayovuta mbele na nyuma, yenye ekseli nzima na springi mbele. Mkono wa kulia ni diski ya Land Cruiser 60. Sogeza kamera tafadhali. Naweka venia, kifaa cha kupimia unene. Hii ya Hilux ikiwa mpya ina milimita 12 na nusu, na hii yangu imelika mpaka 11 na nusu, yaani imefika mwisho wake. Hii ya Land Cruiser ina milimita 20. Halafu itazame ubavuni. Umeona matundu? Hizi ni sahani mbili zilizounganishwa kwa mbavu katikati, ili gurudumu likizunguka upepo upite ndani na kuondoka na joto. Ya Hilux ni chuma kizima kisicho na matundu, joto likiingia halina pa kutokea.

Wenye kuendesha mjini watauliza haja iko wapi. Ndugu zangu, mimi gari langu linashusha viazi na kabichi kutoka Lushoto hadi Mombo. Anayeijua barabara ile anajua: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili. Hata ukishuka na gia ndogo, na ni lazima ushuke na gia ndogo, breki zinafanya kazi nzito. Harufu ya pedi zinazoungua nimeizoea miaka mingi, na si kitu cha kuzoea.

Sasa habari njema. Diski hii ya Land Cruiser 60 inakaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya Hilux hii bila kuchonga wala kuchomelea. Matundu ya bolti yanalingana. Unafungua habu, unatoa diski ya zamani kwa nyuma, unafunga mpya, basi. Kwa upande huo bidhaa hii naipa alama zote.

Tatizo linaanzia kwenye kalipa, kile chuma chenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu mimi hapa niliumia.

Mara ya kwanza sikununua diski. Nilinunua kalipa tu, za mtumba, zilizotoka kwenye Hilux Surf yenye injini ya V6. Muuzaji akaniambia, "Fundi, hizi zinaingia moja kwa moja, na pistoni zake ni kubwa." Hakunidanganya. Zimeingia kweli, bolti mbili kila upande, breki zikashika vizuri. Nikaziacha na diski zangu nyembamba. Miezi ikapita, pedi zikalika, diski ikalika, na pistoni zikawa zinatoka nje kila siku zaidi kidogo kufuata diski iliyo mbali nazo. Kalipa ile imetengenezwa kwa diski nene. Siku moja nikiwa nashuka karibu na Soni, na mzigo, pistoni ikavuka sili yake. Mafuta ya breki yakamwagika yote ya mbele, pedeli ikazama. Kilichoniokoa ni kwamba mfumo una njia mbili, nyuma kukabaki na breki, na nilikuwa kwenye gia ya pili. Nilisimama nikiwa nimeegemeza gurudumu kwenye ukingo wa upande wa mlima. Kijana niliyekuwa naye hakusema neno mpaka tulipofika Mombo.

Kwa hiyo neno "inaingia" mimi silikubali tena peke yake. Kalipa na diski ni mume na mke, wanunue pamoja.

Utazitambuaje? Chukua brashi ya waya, usugue tope na kutu kwenye mwili wa kalipa mpaka maandishi ya kusubu yaonekane. Hii hapa, sogea karibu: S, 1, 2, W. Hiyo ndiyo ya V6, na ndiyo inayokaa juu ya diski ya milimita 20. Kalipa ya asili ya Hilux yangu haiwezi kuivaa diski hii hata ukiibembeleza, nafasi haitoshi. Na kinyume chake ndicho kile kilichonipata Soni. Muuzaji akikataa usisugue kalipa yake, acha, nenda duka la pili.

Jambo la pili. Kalipa ya kulia na ya kushoto zinafanana sana, na ukizibadilisha pande zitafunga vizuri tu. Lakini angalia nipo ya kutolea upepo: lazima iwe juu. Ikiwa chini, upepo unabaki umejificha juu ya pistoni, utakanyaga pedeli siku nzima na kumaliza chupa ya mafuta, breki bado ni sponji. Nimeletewa gari hapa lililopita kwa mafundi wawili, masta silinda, ile pampu ya breki, imeshabadilishwa bure, kumbe kalipa zimepishana pande.

Yaliyobaki ni madogo ila usiyadharau. Bati la kuzuia vumbi lazima ulikate kidogo, la sivyo linakwaruza. Bomba la chuma la breki unalikunja upya taratibu, kwa mkono, lisivunjike. Na kabla hujakaza chochote cha mwisho, pachika rimu uzungushe kwa mkono, kwa sababu rimu za chuma za asili za namba 15 zinaweza kugusa kalipa.

Pistoni kubwa zinataka mafuta mengi, kwa hiyo pedeli itashuka chini kuliko ulivyozoea. Mimi nimefunga masta silinda ya V6, ya inchi moja, na pedeli imerudi juu. Tumia mafuta mapya ya breki. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu, na kwenye mteremko wa Mombo hizo hazichelewi.

Ukiwa umeshafungua habu, funga beringi kwa adabu. Nati yake ni ya milimita 54, na nawasihi mafundi vijana acheni kuigonga kwa patasi, tafuteni soketi. Mimi nikimaliza kukaza nafunga mizani ya kamba, ile ya kupimia samaki, kwenye stadi ya gurudumu, ile bolti ya kufungia rimu, na kuvuta. Habu ianze kuzunguka mizani ikisoma kama kilo 3 hadi 5 na nusu. Ikizidi beringi itaungua, ikipungua gurudumu litacheza. Na ukikuta grisi ya kichwa cha ekseli imekuwa uji mweusi, basi sili ya ndani imekufa na oili ya difu inavuja. Badilisha sili kwanza, maana uji huo ukifika kwenye diski mpya kazi yote imeharibika.

Kuna walioniuliza kuhusu Land Cruiser 40 yenye dramu mbele. Kwako ushauri wangu ni tofauti: usiokoteze kipande hapa na kipande pale. Nunua seti nzima kutoka gari moja la diski, kuanzia kichwa cha ekseli kwenda nje. Pia masta silinda ya dramu ina kivalvu kinachobakiza presha kidogo kwenye bomba. Kwenye dramu kinasaidia, kwenye diski kinafanya pedi zisiachie, zinaburuza na kupata moto. Mwenye mkonga, yaani Land Cruiser ya 70, wa kuanzia 1999, wenye stadi tano, asinunue habu wala diski za stadi sita, hata kama ubavuni kumeandikwa Land Cruiser.

Bei siitaji kwa sababu kila wiki ni nyingine. Ninachosema ni kwamba diski nilinunua mpya, kalipa za mtumba nikazifungua na kuzitia sili mpya zote, na sitakushauri ufunge kalipa ya mtumba bila kufanya hivyo. Kama gari lako haliendi milimani na halibebi mzigo, baki na diski zako za asili, mpya, zenye unene wake. Zinatosha kabisa.

Juzi nimeshuka na magunia, dereva nikiwa mimi, kijana yule yule pembeni. Tulipofika Mombo akashuka, akainama kwenye gurudumu la mbele, akanusa. Akaniangalia, akasema, "Kaka, hakuna kitu." Tukafungua turubai tukaanza kushusha mzigo.