Betri za gari la kambi: tatu nilizotumia, na mahali zinapofia

Habarini wadau, karibuni tena. Leo niko uani Sakina, Arusha, na hapa miguuni pangu kuna betri tatu. Zote zimefanya kazi kwenye gari moja, hii Land Cruiser ya kambi nyuma yangu, yenye hema juu, friji nyuma na tangi la maji. Mbili zimekufa, moja ni nzima, nimeishusha sasa hivi ili muione. Miaka yote niliamini betri zinafia porini, kwa vumbi na mitikisiko. Sivyo. Zangu mbili zilifia hapa hapa uani, masika, mwezi wa nne na wa tano, gari likiwa limelala linasubiri wageni.

Tuelewane kwanza: siongelei betri ya stata, ile ya kuwashia injini. Naongelea betri ya pili, ile inayolisha friji, taa, pampu ya maji na simu za wageni. Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Hii ya kwanza ni betri ya maji ya kawaida, N100, ya kuwashia injini za dizeli. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, inairudishia. Ndani ina sahani za risasi nyembamba na nyingi. Ukiilisha friji nayo usiku kucha, unaitesa. Ilidumu miezi 14.

Sogeza kamera hapa. Nimevaa miwani, na hakuna anayevuta sigara karibu, maana betri ya maji hutoa haidrojeni na haidrojeni hulipuka. Nafungua kifuniko, namulika kwa tochi. Mnaona? Sahani za betri nzima upande mmoja huwa kahawia iliyoiva, upande mwingine kijivu cha risasi. Hizi zimepauka, zina weupe kama ule ukoko unaobaki ndani ya birika la chai.

Weupe huo ni salfeti ya risasi. Kila unapotumia umeme, salfeti inajitengeneza kwenye sahani, na hilo si kosa, ndivyo betri inavyofanya kazi. Ukichaji mapema, inarudi yote kwenye tindikali. Ukiiacha hivyo wiki kadhaa, inakomaa, inakuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziwezi tena, na kipande hicho cha sahani ndiyo basi. Betri ya ampea-saa 100 (ndicho kipimo cha umeme inaobeba) inabaki na 40, kisha 20. Na mita inakudanganya: gari likiwa kimya inasoma volti 12.6, unafurahi, washa friji tu, inaporomoka hadi 11 kabla hujafunga mlango.

Fundi mmoja aliniambia tindikali imechoka, tumwage tuweke mpya. Nikalipa. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimerudi pale pale. Ndugu zangu, hili linaniuma kwa sababu watu wanalipia kila siku. Tindikali haichoki. Inayokosekana imefungwa ndani ya ule weupe, na kinachopotea hewani ni maji peke yake. Ukiongeza tindikali, kipimo cha ukali wake kinapanda, lakini sahani ni zile zile, na sasa zinaliwa zaidi. Betri ya maji inaongezwa maji ya betri yasiyo na madini, basi. Wala usithubutu ya bombani. Maji yetu ya Arusha tunayajua kwa madini, mpaka meno yetu yanasimulia.

Hii ya pili ni AGM, betri kavu, nayo bado ni ya risasi. Tindikali yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, sahani zimebanwa, hazichezi. Kwa barabara yetu hilo ni jambo kubwa. Kutoka Ngorongoro kushuka hadi lango la Naabi la Serengeti, ile njia yenye mawimbi kama bati, betri ya maji inapukutisha unga wa sahani mpaka unajaa chini na kuunganisha kilichotakiwa kutengana. AGM inavumilia. Nilifurahi nayo sana. Ikitunzwa inafika miaka mitano, hata zaidi. Yangu ilikufa mwaka wa tatu, na niliyeiua ni mimi.

Nilikuwa nimeegesha gari mwishoni mwa Machi. Friji nimezima, taa nimezima, nikafunga mlango nikaenda zangu. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, sikuizima. Haikuwa inalisha kitu chochote, ila imewashwa tu, na nilipokuja kuipima ilikuwa inakula nusu ampea. Piga hesabu na mimi: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya 100 inamalizwa kwa siku nane. Mimi nilirudi baada ya wiki saba. Mita ilisoma volti 4 na ushee. Niliichaji siku mbili, ikapanda, lakini haikushika tena.

Na ambaye hana inveta asijione amepona. Kile kifaa cha kufuatilia gari, tuseme kinakula ampea 0.05. Ni kidogo mno, sivyo? Kwa mwezi ni ampea-saa 36, kwa miezi miwili ni 72. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ndiyo maana ukifika mwezi wa sita, msimu unaanza, kila karakana ya mtaa wa Unga Limited hapa Arusha ina magari ya utalii yanayosubiri betri mpya, na kila mtu analaumu betri.

Hata porini kuna kosa linalofanana. Friji ya compressa ya lita 40 ukiwa Seronera, katikati ya Serengeti, inakula kama ampea-saa 30 hadi 45 kwa siku, joto likizidi inapanda. Betri ya risasi ya 100 unatakiwa utumie nusu tu, yaani ikifika volti 12.2 ikiwa imetulia bila kulisha kitu, simama. Maana yake una siku moja, moja na nusu. Watu wanasema altaneta itajaza. Altaneta inajaza haraka mpaka asilimia 80 hivi, lakini 20 za mwisho zinataka saa kadhaa. Kuzunguka kutafuta simba, washa zima washa zima, hakujazi. Mimi nilipima volti 14.2 kwenye altaneta na 13.5 kwenye betri huku nyuma, kwa sababu waya ulikuwa mwembamba kama wa taa. Nilibadilisha waya kabla ya kubadilisha betri, na nakushauri uanze hapo. Na paneli ya sola juu ya gari si urembo, ndiyo inayomalizia zile 20.

Joto nalo, kwa haraka: kwa betri za risasi, kila nyuzi 10 juu ya 25 maisha yanapungua karibu nusu. Usiifunge betri ya pili kando ya injini.

Sasa hii. Naiinua kwa mkono mmoja, kilo 12. AGM ya ukubwa huo inakaribia 30. Ni lithiamu ya chuma na fosfati, na watengenezaji huandika mizunguko ya kutumia na kuchaji 2,000 hadi 3,000 na kuendelea, ambapo AGM nyingi ni mamia tu. Unatumia asilimia 80 bila hofu. Lakini kilichonivuta si hizo namba. Kilichonivuta ni kwamba haidhuriki ikikaa nusu. Unaiacha na chaji ya nusu, unatenganisha waya, unarudi mwezi wa sita ipo. Imepita masika mawili kwangu na bado inatoa ampea 5 kwa karibu saa 20, nimeipima wiki hii.

Bei iliniuma, niliponunua ilikuwa mara mbili tatu ya AGM. Inataka pia chaja yake kati ya altaneta na betri, la sivyo inavuta umeme mwingi mpaka altaneta inaweza kuungua. Kwa mwenye gari la msimu kama mimi, nunua hii. Gari lako likitembea kila wiki na una sola, AGM inakutosha, usiingie madeni.

Dukani nenda na mita yako. Betri ya risasi ikisoma chini ya 12.4, iache hapo hapo. Imekaa rafuni ikikomaza ule weupe, nao hauonekani kwa nje. Tafuta na tarehe ya kutengenezwa. Na usifunge mpya sambamba na kuukuu, kuukuu itaivuta mpya ifanane nayo.

Leo ni zamu ya betri ya stata, ambayo bado ni ya risasi. Nimeichaji usiku kucha, imetulia tangu alfajiri. Spana namba 10, nafungua hasi, nausogeza waya pembeni. Mita: 12.7. Naandika tarehe hapa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na kila tarehe moja nitakuja kuipima.