Semina ya tiba shufaa kwa wanachuo, Tabora: dawa imeeleweka, kupima maumivu bado

Semina ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mwenye ugonjwa mzito, ilidumu saa mbili, bila kiingilio. Sehemu ya mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, ndiyo iliyobeba semina: dozi kila baada ya saa 4, ya kulalia ikiongezwa maradufu ili mgonjwa asikatishwe usingizi, na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Hapo wengi hukosea. Choo kikifunga, ndugu huacha mofini, maumivu yakarudi. Kichefuchefu cha mwanzo kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Dhana kwamba shufaa ni ya anayekata roho ilivunjwa vizuri: huanza ugonjwa ukigundulika, sambamba na matibabu. Ila kupima maumivu kwa namba, 0 hadi 10, kulipitiwa mbiombio bila zoezi. Vipeperushi? Herufi kama sisimizi.