U-Boot: kurasa za amri na ile alama ya $?

Nimekaa na U-Boot, programu ndogo inayoamsha kifaa na kupakia mfumo wake, kwenye kibao changu cha BeagleBone Black (kompyuta ndogo ya bodi moja) muda wa kutosha kuijua tabia yake. Safari hii nasifia kitu ambacho wengi hukipita: sehemu fupi kwenye ukurasa wa nyaraka wa kila amri, inayoeleza $?, yaani alama inayobeba matokeo ya amri, itabaki na nini amri ikimaliza. 0 ni kweli, 1 si kweli. Basi.

Ukurasa wa load, amri ya kusoma faili na kuliweka kwenye kumbukumbu, ndio ulionifumbua macho. Unasema wazi kwamba $? huwa 0 faili likisomwa, hata kama baiti zilizopatikana ni pungufu ya urefu ulioomba. Mimi nilishaandika skripti yangu ya "if load" nikidhani 0 ni dhamana ya faili zima. Kwenye kadi kulikuwa na kerneli (kiini cha mfumo) iliyonakiliwa nusu, nikakesha na kebo ya serial, ile ya kuongea na kibao kutoka kompyuta nyingine, hadi adhana ya alfajiri. Kosa langu, maneno yalikuwa pale pale. Siku hizi naangalia kwanza thamani ya filesize, yaani idadi ya baiti zilizosomwa.

Echo, amri ya kuchapisha maandishi, hurudisha 0 daima, hilo halina mjadala.

Kinachonikera ni amri ya button, inayoangalia hali ya kitufe cha kibao. Kitufe kikibonyezwa unapata 0, kisipobonyezwa 1. Sasa ukikosea jina la kitufe? 1 vilevile. Skripti haiwezi kutofautisha, labda usome mwenyewe ujumbe kwenye skrini, na kifaa changu kiko juu ya paa, hakina skrini.

Nyaraka naipa nne kwa tano.