Old School RuneScape kwa mtu mwenye kazi na familia: uzoefu wangu

Nimecheza Old School RuneScape kwenye simu kwa miaka kadhaa, na muda wote huo nimekuwa mchezaji wa dakika chache za jioni, mwenye kazi ya kuamkia alfajiri na watoto ambao masomo yao yanahitaji kuangaliwa. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu wa hali kama yangu, yaani yule anayevutiwa na michezo ya kuigiza wahusika, ambamo maelfu ya watu hukutana katika ulimwengu mmoja mtandaoni, lakini anasita kuigusa kwa sababu amewaona wenzake wakimezwa nayo. Maoni yangu ni kwamba mchezo huu unachezeka kwa kiasi kuliko mingi ya jamii yake, kwa kuwa haumwadhibu mtu kwa kutokuwapo. Hata hivyo, ndani yake mna shughuli zisizo na mahali pa kukomea, na anayetaka kulinda usingizi wake na nyumba yake inampasa azijue mapema.

Kwa wasioufahamu, mchezo ni wa kampuni ya Jagex yenye makao yake Cambridge, Uingereza. RuneScape ya kwanza ilitoka Januari 2001 na ikabadilika sana kadiri miaka ilivyopita, mpaka mwaka 2013, baada ya wachezaji kupiga kura, kampuni ilipofungua toleo jingine lililotokana na nakala iliyohifadhiwa ya mchezo jinsi ulivyokuwa Agosti 2007. Toleo hilo ndilo Old School, na tangu Oktoba 2018 linachezwa pia kwenye simu kwa akaunti ileile ya kompyuta. Picha zake ni za kizamani, jambo ambalo kwetu tunaonunua bando ni nafuu kubwa, kwani simu ya kawaida inazimudu na data inayotumika ni ndogo ukilinganisha na kutazama video. Kila tendo huhesabiwa kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao ukisuasua kidogo, kazi za utulivu kama kukata miti au kuvua samaki haziharibiki. Mapambano na maadui wakubwa yanadai mtandao imara zaidi, na mimi huyaacha kwa siku ambazo mtandao umetulia.

Lililonivutia zaidi ni jambo ambalo halimo. Michezo mingi ya simu humpa mtu zawadi kwa kuingia kila siku, na zawadi hiyo hukua kadiri siku zinavyofuatana bila kukatika, hivyo siku moja ya msiba au ya safari inatosha kumfanya ahisi amepoteza kitu. Old School haina mfululizo wa namna hiyo. Ngazi ulizopanda hazishuki, mali uliyoweka benki haipungui, na ukikaa miezi bila kuingia utamkuta mhusika wako pale pale ulipomwacha, akiwa na shoka lake mkononi. Nimeshawahi kukaa kipindi kirefu bila kucheza kwa sababu ya mgonjwa nyumbani, na niliporudi sikukuta deni lolote la kulipa.

Stadi ya kilimo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mchezo huu unavyoweza kutumika kwa pande mbili. Mche wa mitishamba hukomaa kwa dakika 80, mti wa matunda huchukua saa 16, na saa hizo huendelea kuhesabiwa hata ukiwa umetoka. Magonjwa huushambulia mmea ungali unakua tu. Ukishakomaa hauozi wala haufi, unakungoja hata juma zima. Kwa mtu wa muda mfupi huu ni mpangilio mzuri mno, kwa sababu jioni moja unaweza kuzunguka mashamba ya mitishamba yaliyo karibu na Falador, Catherby na Ardougne, ukavuna, ukapanda upya, ukatoka, na kazi hiyo ikawa imekamilika kweli. Lakini dakika 80 hizo hizo zinaweza kumfunga mtu. Wapo wachezaji wanaotega kengele ya simu ili wavune kila zinapotimia, mchana kazini na usiku kitandani, kwa kuwa hesabu inawaambia kwamba kila dakika ambayo shamba limekomaa bila kuvunwa ni hasara. Hesabu yao ni sahihi, ila inapima shamba peke yake na kuiacha nje siku nzima ya mtu. Mimi nimezima arifa zote za mchezo, sitegi kengele kwa ajili yake, na napendelea miti ya matunda, ambayo kwa saa zake 16 haina haja ya kutazamwa zaidi ya mara moja kwa siku. Shamba langu hukomaa ninapokuwa nimelala au nipo kazini, nami hulikuta ninapolikuta.

Baada ya hapo huja suala la malengo, na hapa hesabu za mchezo zinastahili kueleweka. Stadi zilikuwa 23 kwa muda mrefu, na mwaka 2025 iliongezwa ya ubaharia, zikawa 24. Kilele cha kila stadi ni ngazi ya 99, inayodai pointi 13,034,431, huku ngazi ya 92 ikidai 6,517,253. Maana yake ni kwamba aliyefika 92, anayeona amebakiza ngazi saba tu, kwa kweli yuko katikati ya safari. Sioni hila yoyote katika hilo, kwani jedwali la pointi liko wazi kwa kila mtu, lakini mchezaji anayeupima mchezo kwa ngazi atajikuta akiongeza nusu saa baada ya nusu saa kwa imani kwamba amekaribia.

Ndiyo maana ninapendekeza misheni. Misheni ina mwanzo, katikati na mwisho, na ikikwisha mchezo wenyewe hukufungulia karatasi ya pongezi, ambayo kwangu ndiyo ishara ya kuzima simu. Ya kwanza ambayo wengi huifanya, Cook's Assistant, humtaka mchezaji ampelekee mpishi wa kasri la Lumbridge yai, maziwa na unga. Yai unaliokota kwenye banda la kuku, ng'ombe unamkamua mwenyewe, na ngano unaivuna na kuipeleka kwenye kinu cha upepo, nawe unaimaliza kabla chai haijapoa. Zilizo ndefu zinaweza kugawanywa kwa siku kadhaa, kwa sababu mchezo hukumbuka hatua uliyofikia na kuiandika katika daftari la misheni. Maongezi yake ni mengi na yameandikwa kwa uangalifu, ingawa yote ni ya Kiingereza, hivyo asiyekizoea Kiingereza ajitayarishe kusoma polepole.

Sehemu ninayomwonya kila rafiki ni uwindaji wa vitu adimu. Chukulia mfano wa General Graardor, mmoja wa maadui wakubwa wanaojulikana sana. Kila anapouawa, pana nafasi moja kati ya 5000 kwamba mchezaji atapata kinyama kidogo cha kumfuata, ambacho hakina nguvu yoyote na faida yake ni fahari tu. Watu wengi hudhani kwamba anayemuua mara 5000 lazima akipate. Ukweli ni kwamba katika kila wachezaji 100 watakaofikisha idadi hiyo, takriban 37 watakuwa bado hawajakipata, kwani kila pambano linaanza upya na mchezo hauhifadhi subira ya mtu. Kuvuna shamba kuna mwisho, misheni ina mwisho, ila bahati haina, na anayesema "mara moja tu, kisha nalala" anaweza kuisema kauli hiyo mpaka adhana ya alfajiri bila kuikaribia zawadi hata hatua moja. Mimi sivifuati vitu hivi kabisa. Kama wewe unavitaka, panga idadi ya mapambano kabla ya kuingia na uiheshimu, hata kama lililopita lilikupa kitu kizuri, na hasa kama halikukupa kitu.

Kucheza na wengine ni raha ya pekee ya michezo hii, na hapo wajibu huwa wa kibinadamu zaidi. Shughuli kama Chambers of Xeric, uvamizi mrefu wa vyumba vilivyojaa maadui, huwa na ladha zaidi mkiwa kikundi, na kuondoka katikati ni kuwaangusha wenzako, kwa hiyo mimi sijiungi nazo usiku wa siku ya kazi. Kwa siku hizo pana Wintertodt, ambapo umati huwasha moto pamoja dhidi ya baridi kali, duru huisha kwa dakika chache, na hakuna anayemdai mwenzake arudi kwa duru inayofuata. Anayependa changamoto ya peke yake ana Fight Caves, yenye mawimbi 63 ya maadui, na hata huko, ukibonyeza kutoka, mchezo hukuacha umalize wimbi lililopo kisha husimama, ukaendelea wakati mwingine. Kuhusu vyama vya wachezaji, nimechagua kimoja kisichohesabu mahudhurio, na kila ninapojiunga na kikundi husema mwanzoni kwamba nina nusu saa. Hakuna aliyewahi kuchukizwa na kauli hiyo. Kinachowaudhi watu ni mtu kutoweka bila kuaga.

Ili msomaji apate pa kulinganisha, World of Warcraft, iliyoanza mwaka 2004, humlimbikizia mapumziko mhusika aliyeachwa bila kuchezwa, na akirudi hupata pointi maradufu kwa kuua maadui mpaka akiba hiyo iishe. Guild Wars 2 haina ada ya kila mwezi na ngazi yake ya juu imebaki 80 tangu mwaka 2012, kwa hiyo anayerudi baada ya muda mrefu hakuti kilele kimehamishwa. Final Fantasy XIV ina mtayarishaji, Naoki Yoshida, ambaye amewaambia wachezaji hadharani kwamba wako huru kusimamisha malipo, wacheze michezo mingine, kisha warudi panapokuwa na jambo jipya, na ninamheshimu kwa kauli hiyo. Ila katika mchezo huohuo nyumba ya mchezaji huweza kubomolewa asipoiingia kwa siku 45. Kabla ya kuanza mchezo wowote wa aina hii, ulizia kwanza utapoteza nini ukikaa miezi miwili bila kuingia.

Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa, toleo la ICD-11, lililoanza kutumika Januari 2022. Dalili zinazotajwa ni kushindwa kujizuia, kuupa mchezo kipaumbele kuliko mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao licha ya madhara, kwa kawaida kwa kipindi cha miezi 12. Idadi ya saa haikuwekwa kuwa kipimo, na nadhani hilo ni sahihi, kwa sababu mtu anaweza kucheza Jumamosi nzima bila kuharibu kitu, na mwingine akacheza saa moja tu aliyoiiba kwenye kazi ya mwajiri wake. Aliyekwisha kuziona dalili hizo ndani yake asianze Old School kwa kutegemea kwamba mchezo utamzuia. Baada ya saa sita mfululizo mchezo humtoa mtu wenyewe, lakini anaweza kuingia tena papo hapo. Mtu huyo anahitaji msaada wa ndugu na wa wataalamu wa afya ya akili.

Limebaki suala la malipo. Sehemu ya bure ina Lumbridge, Varrock, Falador na misheni za kutosha kumwonyesha mtu kama mchezo unamfaa, ila kilimo, Wintertodt na Fight Caves ni vya wanachama wanaolipa. Ipo pia njia ya kununua Bond kwa dhahabu ya ndani ya mchezo, na Bond moja hutoa uanachama wa siku 14. Wengi huisifu kwa kuwa haitoi fedha mfukoni, lakini mimi siipendekezi kwa mtu wa dakika chache, kwa sababu dhahabu hiyo hutafutwa kwa saa nyingi na tarehe ya mwisho hurudi kila baada ya wiki mbili, na kwa namna hiyo burudani hugeuka kibarua. Ni afadhali kulipa mwezi mmoja mmoja kwa fedha halisi, katika miezi ambayo nyumbani pametulia, na kuacha uanachama ukome wakati wa mitihani ya watoto, wa Ramadhani au wa kazi nyingi. Ukikoma, stadi na mali za wanachama hazifutwi. Huwezi kuzitumia kwa wakati huo, lakini hubaki kwenye akaunti yako mpaka utakapolipa tena.