Tahadhari: “Windows 11 ya maisha” inayouzwa kwa kompyuta zisizostahiki

Ninawatahadharisha wenye kompyuta za mitumba, hasa zenye prosesa za Intel Core i5 na i7 za kizazi cha sita na cha saba, kuhusu huduma ambayo baadhi ya mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanaitangaza kwa jina la “Windows 11 ya maisha”, yaani yenye leseni isiyoisha. Jina la fundi aliyenihudumia silitaji, kwa sababu nimeshasikia maneno yale yale katika maduka mengine mawili.

Baada ya Windows 10 kufikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, fundi huyo aliniambia kwamba laptop ninayoitegemea katika duka langu la kuchapa na kutoa kopi “itafungwa” nisipoihamishia Windows 11. Huo ni uongo, kwa kuwa Windows 10 inaendelea kuwaka na kufanya kazi, na kinachokoma ni masasisho ya kawaida ya usalama pamoja na msaada wa kiufundi wa Microsoft. Nami sikulijua hilo, nikalipa shilingi 25,000 za kupiga window na 35,000 za leseni.

Leseni hiyo sikuihitaji hata kidogo. Kompyuta yenye Windows 10 halali inayotimiza masharti ya Windows 11 hupandishwa bure, na masharti yenyewe, kwa upande wa Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama. Yangu ni ya kizazi cha sita, ambayo programu ya kusakinisha huikataa yenyewe. Fundi alitumia flashi iliyotengenezwa ili kuruka ukaguzi huo, bila kuniambia kwamba Microsoft haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo.

Siku ya tatu kompyuta ilianza kuzimika. Kila nilipoifunika nikahudumia mteja, kisha nikaifunua, skrini iliganda na baadaye yakatokea maandishi DRIVER_POWER_STATE_FAILURE kabla haijajiwasha upya. Nilipompigia fundi alinijibu, “Dada, iache wiki mbili izoee.” Ushauri huo ndio unaoniuma kuliko fedha, maana Windows 11 hutoa siku 10 tu za kurudi kwenye mfumo wa awali kupitia Settings, sehemu ya Recovery, na baada ya hapo mafaili ya mfumo wa zamani hufutwa. Wiki mbili zilipokwisha, kitufe cha kurudi kilikuwa hakifanyi kazi tena.

Ndipo akasema RAM (kumbukumbu ya kompyuta) imekufa, akaniuzia nyingine kwa shilingi 90,000, na kesho yake kompyuta ikazimika vile vile. Bahati nzuri nilikuwa nimegoma kumwachia ile ya zamani. Fundi wa pili aliirudisha, akaandika mdsched, kipimo cha RAM cha Windows yenyewe, kwenye kisanduku cha kutafutia, akaipima mara mbili, na haikukutwa na hitilafu yoyote. Akanionyesha pia kwamba yale maandishi ya skrini yanahusu draiva (programu inayoendesha kifaa) inayoshindwa kifaa kinapolala au kuamka, na kweli draiva ya kadi ya picha ilikuwa ya zamani, ya enzi za Windows 10. Mtu anayesoma maandishi hayo asingeanza na RAM.

Kuhusu hiyo “maisha”, alifungua dirisha la amri akaandika slmgr /xpr, amri inayoonyesha ukomo wa leseni, na jibu likaja na tarehe ya kuisha: ni uamilishaji wa siku 180 unaotumiwa na taasisi kubwa, uliopachikwa kwa programu ya wizi. Leseni ya kudumu hujibu kwamba mashine imeamilishwa kwa kudumu, bila tarehe yoyote. Lifanyeni jaribio hilo mbele ya fundi kabla ya kutoa fedha, kwani halichukui hata dakika moja.

Tulinakili kazi zangu, tukafuta kila kitu na kusakinisha Windows 10 upya, na leseni yake ya awali ikajirudia yenyewe mara tu mashine ilipopata intaneti, kwa sababu imefungamana na bodi kuu (motherboard) ya kompyuta. Nimejiunga na mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama, unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026, huku nikidunduliza fedha za kununua mashine ya kizazi cha nane au zaidi. Tangu hapo haijazimika. Fundi wa kwanza amekataa kurudisha shilingi 150,000 zangu kwa madai kwamba “software haina warranty”, na risiti aliyonipa imeandikwa neno moja tu: huduma.