Fender Precision ya miaka ya 1970: nunua shingo, mengine yanatengenezeka

Anayetaka gitaa la besi la zamani la kupigia, siyo la kuweka kabatini, tunampendekezea Fender Precision iliyotengenezwa Marekani miaka ya 1970. Zile za kabla ya Januari 1965, kampuni ilipouzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, zimeshapanda bei na kuwa mali ya wakusanyaji. Hizi za baadaye zilipata sifa mbaya: nzito, rangi nene, shingo zilizofungwa ovyo. Sifa hiyo ina ukweli kiasi, lakini umbo la msingi lilibaki lilelile: urefu wa uzi inchi 34 (milimita 864), freti 20 (vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), pikapu (kinasa sauti cha sumaku chini ya nyuzi) ya vipande viwili iliyoanza 1957, volyumu moja na toni moja. Hakuna betri wala saketi ndogondogo za kuungua. Fundi yeyote wa redio mwenye mkono mzuri wa lehemu anaweza kuihudumia, na sauti yake haimezwi hata magitaa matatu na matarumbeta yakiingia pamoja.

Pesa yako inakwenda kwenye shingo, basi anza hapo. Lishike gitaa likiwa limetyuniwa, uangalie kutoka kwenye kichwa kuelekea kwenye bodi (mwili wa gitaa), jicho likifuata ukingo wa shingo upande wa uzi mnene, kisha upande wa uzi mwembamba. Kingo mbili zikipinda tofauti, shingo imesokoteka. Liache, hata likiwa zuri namna gani. Ikiwa shingo imepinda mbele kwa usawa, hilo hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyo ndani yake. Kwenye Precision za miaka hii nati ya fimbo hiyo iko mwisho wa shingo, imejificha ndani ya bodi. Kuifikia ni lazima ulegeze nyuzi, ufungue skrubu nne na kuing'oa shingo. Muuzaji anayekataa shingo ifunguliwe anakunyima kipimo muhimu kuliko vyote.

Nati ikishaonekana, ilegeze kidogo kwanza, ndipo uikaze, robo mzunguko kila mara. Kuanza kwa kukaza nati iliyokaa miaka hamsini bila kuguswa ndiko kunakokata fimbo. Ikiwa imefika mwisho wa hesi zake (mikato ya skrubu) na shingo bado imepinda, fundi huongeza washa (kiduara cha chuma) nyembamba nyuma ya nati ili ipate nafasi ya kuendelea kukaza. Tatizo gumu zaidi ni sehemu ya mwisho ya ubao wa freti (uso wa shingo), kuanzia freti ya 14 hivi, kunyanyuka juu. Utalijua kwa sababu noti za juu zinakwaruza ingawa katikati ya shingo pamenyooka. Fimbo hailitibu hilo; dawa ni kusawazisha freti, na likizidi, kung'oa freti na kuukwangua ubao. Pata bei ya kazi hiyo kwa fundi kabla ya kukubaliana na muuzaji.

Freti nazo zina siri yake. Kiwandani zilisukumwa kutokea ubavuni, hazikugongwa kutoka juu. Fundi asiyejua akizivuta juu kwa koleo atang'oa vipande vya mbao pamoja nazo. Zipashwe moto kwa chuma cha lehemu, kisha zigongwe taratibu kuelekea ubavuni zitoke. Kwenye shingo ya mepo (mbao za maple) yote, ambayo vanishi yake inapita juu ya ubao, kazi ni ndefu zaidi, maana vanishi inayozunguka kila freti lazima ikatwe kwanza kwa wembe.

Kuhusu umri, usiamini namba moja peke yake. Namba ya usajili ilikuwa kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo hadi 1976, kisha ikahamia kichwani, mara nyingi ikianza na herufi S. Bamba lina skrubu nne tu na huhamishwa kwa urahisi. Ushahidi bora uko kwenye namba iliyogongwa kwenye poti (kifaa cha ndani kinachozungushwa kurekebisha volyumu au toni): 1377532 maana yake ni poti ya kiwanda cha CTS (137), mwaka 1975, wiki ya 32. Gitaa haliwezi kuwa la zamani kuliko poti zake za asili, ila linaweza kuwa la baadaye kwa miezi kadhaa. Tazama pia lehemu: ikiwa nyuso zake zinang'aa na za jirani zimefifia, mtu ameshapita humo.

Ukiwa bado umefungua, pima pikapu kwa mita ya umeme, waya zake zikiwa zimetolewa kwenye poti. Vipande viwili vimeungwa mfululizo. Jumla hukaribia kilo-omu 10 hadi 11. Ukipata kama 5, kipande kimoja kimejigusa ndani. Mita isiposoma chochote, waya umekatika, mara nyingi pale mwanzo au mwisho wake unapolehemiwa. Chanzo ni jasho na unyevu: sumaku zinashika kutu, kutu inavimba, na waya mwembamba kuliko unywele unaliwa. Usitupe pikapu hiyo. Kusukwa upya kwa waya mpya kwenye sumaku zilezile kunarudisha sauti, na thamani inabaki bora kuliko ukiweka pikapu ngeni.

Poti zikikwaruza, zipulizie dawa ya kusafisha kontakti na uzizungushe mara thelathini hivi. Zikifa kabisa weka za kilo-omu 250, na kapasita ya maikrofaradi 0.05. Mlio wa umeme usiopungua ukigusa nyuzi, lakini unapungua ukigusa jeki (tundu la kuchomekea waya), unasema waya wa ethi unaokwenda chini ya daraja (chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi) umekatika.

Rangi ni ya poliesta, ngumu. Haichakai, inabanduka vipande. Iache ilivyo. Kupaka upya hushusha bei sana, na kwa sababu hiyohiyo gitaa lililokwisha kupakwa rangi na mwingine ndilo tunalokushauri utafute: shingo na pikapu za asili, bei ya chini. Lipime kwa mizani tu, kwani ya mbao za ash hufika kilo 5 na zaidi, na onyesho la rumba la saa nne litakukumbusha.

Likija Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam kutoka nchi ya baridi kavu, lipe wiki mbili mbao zizoee unyevu kabla ya kulitengeneza. Skrubu za daraja zilizoshika kutu zilowekwe kwa mafuta ya kulegezea usiku kucha, na utumie funguo za vipimo vya inchi. Za milimita huviringa matundu. Kisha weka nyuzi za 45 hadi 105 (unene kwa elfu za inchi), ubonyeze uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho: nafasi juu ya freti ya 8 iwe kama milimita 0.35. Kwenye freti ya 17, acha milimita 2.8 chini ya uzi mnene na 2.4 chini ya mwembamba.